Sahani ya Bi Arafa na Pua ya Serikali

Nchi ninayoisimulia haipo kwenye ramani. Niliitafuta mwenyewe kwenye ile ramani iliyobandikwa posta, nikakuta mahali pake pamepakwa gundi. Kwa hiyo msomaji akifika katikati akasema, "Mbona hapa kama kwetu," hayo yatakuwa maneno yake, na akiulizwa atajibu yeye. Mimi ni fundi wa majiko ya bati. Nasema nilichokiona.

Nchi hiyo ilikuwa mwaka wa tatu vitani na jirani yake wa ng'ambo ya mto. Vita vilikwenda vizuri sana. Kila Jumamosi redio ilitangaza kwamba tumeshinda, na kila Jumamosi ushindi ulitokea karibu zaidi na mji wetu, mpaka ikafika tukawa tunausikia bila redio. Mataifa makubwa yakakasirika, yakatuwekea vikwazo. Mafuta ya kula yasiingie, ngano isiingie, mchele, sabuni, petroli, hata sindano za cherehani.

Waziri wa Ustawi akaja redioni, akakohoa, akasema vikwazo havijatugusa hata kidogo. Ila uchumi wetu, kwa kuwa ulikuwa umefanya kazi miaka mingi bila kupumzika, umeomba likizo, na Serikali, kwa kuwa ni mwajiri mwema, imeridhia. Neno "mdororo" likapigwa marufuku. Mtu mmoja sokoni aliuliza likizo yenyewe ni ya siku ngapi. Tangu siku hiyo na yeye yuko likizo, na familia yake haijaambiwa ni wapi.

Baada ya hapo ikaja Amri ya Moshi.

"Adui anatupiga picha kutoka angani," alisema Waziri. "Kati ya vyote vilivyo nchini mwetu, anatafuta kitu kimoja tu, nyumba isiyopika. Wananchi, tusimpe furaha hiyo."

Kila nyumba ikaamriwa kutoa moshi saa sita kamili mchana. Kama chungu kina kitu au hakina, hilo lilikuwa jambo la ndani, na adui halimhusu.

Nikaitwa ofisi ya wilaya. Nilimkuta Bwana Mtengeti, mtu mnene mwenye kitambaa cha kupengea mkononi, aliyekuwa ameteuliwa wiki hiyo hiyo kusimamia mambo ya moshi.

"Fundi Machumu," aliniambia, "tunataka jiko linalotoa moshi mwingi kwa kuni kidogo. Na lisipike."

"Mheshimiwa, hilo ni jiko bovu."

"Wewe unaliita bovu. Sisi tunaliita Jiko la Taifa. Utaweza?"

"Kuharibu nitaweza. Miaka ishirini na miwili watu wananiletea yaliyoharibika, najua pa kugusa."

Hakucheka. Aliandika "ishirini na miwili" kwenye daftari, akapiga mstari chini yake. Mpaka leo sijui ule mstari ulikuwa wa nini.

*

Nikatengeneza majiko mabovu mia tatu na zaidi, kwa moyo wangu wote. Saa sita mji mzima ulikuwa kama unaungua. Watu walikohoa, macho yakatoka machozi, na redio ikasema machozi hayo ni ya furaha.

Tatizo likajitokeza mahali ambapo hakuna aliyepafikiria. Moshi wa nyumba nyingine ulinukia chakula. Serikali ikajiuliza, chakula kimetoka wapi? Kama vikwazo havijatugusa, basi chakula kipo na si ajabu kunukia. Lakini mchele na mafuta haviingii nchini, na anayevipika kavipata kwa adui. Wakubwa walikaa siku mbili wakilitafakari hilo, wakatoka na Kitengo cha Kunusa. Wanusaji walivaa kaki ya kijivu na walitembea wawili wawili mitaani. Sheria yao ilikuwa fupi. Nyumba isiyotoa moshi ni ya msaliti. Nyumba yenye moshi unaonukia chakula ni ya mlanguzi. Mzalendo ni yule ambaye moshi wake unanukia moshi.

Mkuu wa Wanusaji akawa huyo huyo Bwana Mtengeti. Mafua yake yalikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na hakuweza kutofautisha waridi na choo. Wapo walionong'ona. Waziri alipokuja kumwapisha aliwajibu wote kwa mpigo: "Pua isiyosikia kitu haiwezi kuhongwa." Tukapiga makofi, kwa sababu kulikuwa na watu waliopangwa kutazama nani hapigi.

Mtaani kwetu watu wakaanza kusalimiana huku wakivuta pumzi. Mtu alikuja kuuliza hali ya mgonjwa, macho yake kwako na pua yake jikoni. Jirani yetu wa kulia alikuwa Bi Arafa, mjane aliyekuwa akiuza maandazi kabla ngano haijakatika. Zamani alianika nguo zake upande wa barabara. Sasa alizianika nyuma, karibu na jiko letu, na zilichukua muda mrefu sana kukauka.

"Mboni," alimwambia mke wangu, "leo mmewasha nini?"

"Makuti."

"Makuti ya kwenu yananukia, shoga."

"Yanukie nini?"

"Hata sijui. Nimesema tu."

Mboni alicheka, kisha akahamishia jiko upande wa pili. Jioni akaniambia, "Yule anatusikiliza." Nikamwambia na mimi nadhani hivyo. Siwezi kusema kwamba na sisi hatukuwa tukimsikiliza. Mimi mwenyewe nilishapanda juu ya ndoo mara mbili kuchungulia ana nini uani.

*

Sasa nieleze jambo la sahani, maana bila hilo mgeni hataelewa.

Watu wa nchi ile, jirani akikuletea chakula kwenye sahani yake, humrudishii sahani tupu. Utaweka chochote: ndizi mbili, kipande cha muwa, hata chumvi. Kumrudishia tupu ni kumwambia usituletee tena. Mtoto analijua hilo kabla hajajua jina la baba yake. Basi uchumi ulipokwenda likizo, sahani zote za mtaa zilikwama pale pale zilipokuwa siku hiyo. Sisi tulikuwa na sahani ya bati ya Bi Arafa, nyeupe yenye ukingo wa buluu, aliyotumia kutuletea maandazi ya mwisho. Ilikaa kwetu miezi saba. Kila Mboni alipoiona alikunja uso kama mtu aliyekanyaga msumari.

Mwezi wa nane, mpapai wetu ukatoa papai moja, dogo, bichi. Mboni alilichemsha, akakata vipande vitatu, akavipanga kwenye ile sahani, akafunika kwa kawa.

"Nairudisha leo," alisema. "Aibu imetosha."

Kutoka mlango wetu hadi mlango wa Bi Arafa ni hatua ishirini. Kwenye ya kumi na mbili ndipo alipokutana na Wanusaji wawili. Mimi nilikuwa kizingitini na nyundo mkononi, nikasikia yote.

"Mama, umebeba nini?"

"Papai."

"Papai huwa linafunikwa?"

"Limechemshwa."

"Kwa nini mnachemsha papai bichi, na nchi ina chakula?"

"Ndicho hicho chakula chenyewe," alijibu Mboni.

Heri asingejibu hivyo. Walimchukua pamoja na sahani na kawa. Nilipofika ofisini shtaka lilikuwa tayari limepigwa chapa: kusafirisha chakula kwa kificho kutoka nyumba hadi nyumba wakati wa vita, bila kibali. Adhabu yake ilikuwa miaka sita kwenye kambi ya mtoni, huko ambako ushindi ulikuwa ukitokea.

*

Bwana Mtengeti alinipokea vizuri, akanionyesha kiti ambacho hakikuwa na kikalio.

"Ilifunikwa kwa nini?"

"Inzi, mheshimiwa."

"Nchi hii haina inzi tangu kampeni ya mwaka juzi."

Inzi akatua kwenye fomu yake. Tulimtazama wote wawili. Alitembea mpaka kwenye sahihi, akasugua mikono.

"Huyo amevuka mto," alisema Bwana Mtengeti. "Tuendelee. Vipande vilikuwa vingapi?"

"Vitatu."

"Kwa nini vitatu?"

"Papai lilikuwa dogo."

"Adui ana vikosi vitatu ng'ambo."

"Angekuwa na vinne, mke wangu angekuwa nyumbani?"

Aliandika hilo pia. Kisha akasema kuna njia moja ya kumsaidia Mboni. Kama mwenye sahani atakiri kwamba ni yake, na kwamba ilikuwa inarudi kwa desturi tu, kesi inaweza kuwa nyepesi. Nikashukuru. Sahani hiyo ilikuwa na alama, nukta nyekundu ya rangi ya kucha kwenye kitako, ambayo Bi Arafa huweka kwenye vyombo vyake vyote ili visipotee harusini. Mtaa mzima unaijua.

Wakamwita. Akaja na baibui lake la Ijumaa. Akaipindua sahani, akaitazama ile nukta kwa muda, kama mtu anayesoma barua.

"Siijui."

"Una hakika, mama?"

"Sahani zangu zote zipo kwangu. Tangu vita vianze sijampa mtu kitu wala sijapokea kitu."

Nilimsubiri nje. Alipopita alisema chini chini, "Shemeji, usinitazame hivyo. Nina wajukuu wawili."

"Na mimi nina mke mmoja," nikamwambia.

Akaenda zake. Nikamtazama mpaka alipokata kona, nikiwaza kwamba mtu anayeogopa kiasi kile ama hana kosa kabisa ama ndiye aliyetuchongea. Katika nchi ile hao wawili walitembea mwendo mmoja.

Mboni alikaa ndani siku tisa. Mahabusu hawakupewa chakula, maana stoo ya jela nayo ilikuwa likizo. Walilishwa na ndugu zao. Siku ya kwanza nilimpelekea uji kwenye bakuli lililofunikwa. Askari wa getini akanikataza, akasema chakula kilichofunikwa ni hatari kwa usalama. Nikafunua. Akasema chakula kisichofunikwa ni hatari kwa afya.

"Sasa nifanyeje, afande?"

"Fuata sheria."

"Ipi?"

"Zote."

Nilisimama pale na bakuli mkononi na kawa kwapani mpaka uji ukapoa. Mwishowe tulielewana, yeye anywe nusu, na inayobaki ipite kwa sababu, alivyosema, nusu bakuli bado si chakula. Mke wangu aliishi siku tisa kwa kitu ambacho si chakula.

Wakati huo kamati ya wataalamu ilikuwa ikichunguza vile vipande vitatu. Siku ya tisa ikatoa taarifa: papai limeoza kiasi kwamba maana yake haisomeki tena. Ikaamuliwa Mboni aachiwe kesho yake kwa muda, arudi Jumatatu kusomewa hukumu, akiwa na kielelezo, yaani ile sahani. Kanuni ilitaka kielelezo kikabidhiwe kikiwa safi. Ofisi haikuwa na maji wala sabuni. Bwana Mtengeti akaichukua sahani ikaoshwe kwake.

*

Kesho yake asubuhi, nilipofika kumchukua Mboni, Bwana Mtengeti aliingia na sahani imefungwa kwenye kitambaa, ikiwa na kawa yake juu. Akapenga kamasi, akapiga lakiri juu ya fundo, akamkabidhi Mboni.

"Isifunguliwe njiani," alisema. "Ni mali ya kesi."

Mboni alipoishika alinitazama. Ilikuwa nzito, na mimi harufu ilishanifika.

Getini walikuwepo Wanusaji wawili. Tulipokaribia, pua zao zilisimama kabla ya miguu yao. Iliki. Samli. Nyama ya mbuzi. Mmoja alimeza mate, nikaona koromeo linapanda na kushuka.

"Hiyo nini?"

"Kielelezo," alisema Mboni. "Lakiri ya mkuu wenu hiyo."

Waliitazama lakiri. Wakatazamana.

"Wewe unasikia harufu?" mmoja alimuuliza mwenzake.

"Unasikia wewe?"

"Mimi nimekuuliza kwanza."

"Basi mimi nina mafua."

"Na mimi yameanza leo."

Tukapita. Njia nzima watu walitoka milangoni, wakatuangalia, wakarudi ndani. Nyumbani tulifunga mlango, tukakata fundo. Pilau. Mchele mrefu ule wa ng'ambo ya mto, zabibu, vipande vya nyama vinne. Sijaona kitu kizuri kama kile, na sijaogopa kitu kama nilivyokiogopa kile.

"Usiguse," alisema Mboni. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. "Ni mtego. Tukila, tumekula mali ya adui. Tukitupa, tumetupa chakula wakati wa vita. Tukiripoti, tumemshtaki mkubwa."

"Na tukiitazama tu?"

"Saa sita watapita."

Tuliitazama. Haikupita robo saa, mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana Mtengeti, kwa miguu, bila kofia, ametota jasho.

"Mmefungua?"

Hakungoja jibu, aliiona. Akakaa chini kwenye mkeka wetu bila kukaribishwa.

"Mke wangu," alisema. "Ameniambia sasa hivi, nilipopita kunywa chai. Aliona sahani ya watu jikoni. Akaniuliza, 'Itarudije tupu?' Amelelewa vibaya yule mwanamke."

"Amelelewa vizuri," alisema Mboni.

"Kuleni. Sasa hivi, yote, nikiwa naona. Isibaki hata punje."

Mke wangu hakuwa amekula mlo kamili siku tisa. Aliweka mikono mapajani, akasema, "Kwanza faili."

"Faili lipo ofisini."

"Karatasi zipo mfukoni mwako, mheshimiwa. Na kalamu naiona."

Aliandika akiwa amepiga magoti, karatasi juu ya jiko langu moja bovu. Nimeitunza mpaka leo. Inasema: *Kesi imefungwa. Papai lilikuwa papai.* Mboni akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani.

"Haya, karibu tule," akamwambia.

"Mimi nimeshiba."

"Karibu, mheshimiwa. Tukila peke yetu, tutakuwa tumekula peke yetu."

Akamwelewa. Akanawa. Tukala watatu, na yeye ndiye aliyekula haraka kuliko wote. Tulikuwa kwenye ukoko ilipopiga saa sita. Wanusaji wakaingia bila hodi, wakifuata pua zao, wakamkuta mkuu wao na vidole vinavyong'aa samli.

"Mnasikia harufu hapa?" aliwauliza.

"Hatujui bado, mkuu."

"Hakuna."

"Hakuna, mkuu."

Wakaandika. Wakabandika na cheti mlangoni kwetu, chenye mhuri: *Nyumba hii haina harufu.* Bwana Mtengeti akatoka, akasimama kizingitini mbele ya mtaa mzima, akacheua, akachokonoa jino, akanipa mkono. "Ahsante, Fundi," alisema kwa sauti, kwa mazoea tu.

Nikadhani yameisha. Mke wangu alikuwa nyumbani, kesi imekufa, tumeshiba.

*

Asubuhi Bi Arafa alikuwa mlangoni, ameshika sahani kwa mikono miwili. Viazi vitamu viwili, vidogo kama vidole gumba.

"Nimewaletea kidogo, shemeji," alisema. Kisha akajisahihisha. "Mheshimiwa."

"Bi Arafa, ingia ndani. Mheshimiwa nani?"

"Wajukuu wangu hawajui kitu. Wakisema kitu ni utoto tu."

"Sisi si watu wa Serikali."

"Najua," alisema. "Ndivyo mnavyotakiwa kusema."

Mboni alitoka akataka kumrudishia viazi vyake. Bi Arafa akaweka mikono nyuma, akarudi kinyumenyume mpaka kwake. Kufika saa nne, sahani sita zilikuwa zimepangwa mlangoni petu, zote zimefunikwa: muhogo mmoja, mchicha, ganda la boga, kiganja cha dengu. Watu ambao hatukuwa tukiongea nao tangu vita vianze walituletea kile walichotaka kuwapa watoto wao mchana. Wanusaji walipita wakaziona, wakatupigia saluti.

Nikachukua ile ya dengu, nikamrudishia mwenyewe, kinyozi wa nyumba ya tatu. Alipoona sahani yake inarudi na dengu zake zile zile, aliipokea haraka kwa mikono miwili.

"Ni kidogo, najua," alisema. "Mke wangu alihesabu vibaya. Ngoja, mzee, ngoja usiondoke."

Akaingia ndani. Nikasikia mtoto analia, na mtu anamnyamazisha. Akarudi amezidisha dengu, na juu yake yai.

Nikarudi nalo. Ningefanyaje? Zikirudi na vyakula vyao, wanaongeza. Zikirudi tupu, unajua maana yake. Na chetu cha kuweka hatuna. Mboni alikuwa amekaa chini mbele ya sahani zile sita, mkono shavuni, ile karatasi ya faili bado kifuani.

"Wanataka tuwarudishie nini?" nilimuuliza.

"Kutowataja."

"Kwani tutamtaja nani?"

"Wao hawajui hivyo, Machumu. Na ukiwaambia hawaamini."

Alichukua kiazi kimoja cha Bi Arafa, akakikata katikati, akanipa nusu.

"Kula," alisema. "Ukimaliza toka nje uwasalimie, kila mtu kwa jina lake. Usipowasalimia leo, watadhani umeshaandika."

Nilikula. Kilikuwa kimeiva vizuri, kina chumvi. Nikafuta mdomo, nikatoka kuwasalimia, na mtaa mzima ukasimama.